Kabla hujapanda ndege kwenda kuangalia uchaguzi wa watu

Mwanangu,

Habari kwamba umechaguliwa kwenye timu ya waangalizi wa uchaguzi imetufurahisha. Babako ameshawatangazia msikiti mzima. Mimi nina maneno machache, maana waangalizi nimewaona nikiwa upande wa pili wa meza.

Wajua Agosti 2017 nilikuwa karani wa kituo hapa Malindi. Asubuhi walikuja wageni wawili, wamevaa jaketi zenye nembo, wapole kabisa. Wakatazama foleni, wakauliza kama mtambo wa alama za vidole unafanya kazi, wakatia tiki kwenye karatasi zao, wakaenda zao. Kazi yenyewe ilianza baada ya saa kumi na moja jioni, masanduku yalipofunguliwa. Kura moja moja iliinuliwa juu kila ajenti wa chama aione. Usiku wa manane msimamizi akajaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, maajenti wakatia sahihi, nakala ikabandikwa mlangoni. Mgeni hata mmoja hakuwepo.

Tarehe 10 Agosti, mshindi hajatangazwa bado, wajumbe wa Umoja wa Afrika, Umoja wa Ulaya, Jumuiya ya Madola na wale wa Carter Center, shirika la Marekani, waliokuja na John Kerry walitoa taarifa zao za awali. Walisifu upigaji kura, na kweli ulikwenda vizuri. Lakini watu wakasikia kwamba uchaguzi mzima umepita. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili, ikaufuta. Foleni haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa njiani, kutoka fomu za vituoni hadi jumla iliyosomwa Nairobi, na tume ya uchaguzi ilipoamriwa ifungue seva zake, kompyuta zinazotunza matokeo, zikaguliwe, haikutii ipasavyo. Waliotuokoa siku ile walikuwa majaji wetu wenyewe, na hilo usilisahau ukienda kwa watu wenye majaji wao.

Wala usinielewe vibaya. Wenzako siku hizi wanasema mashirika ya nje yote ni ya wazungu na hayana maana. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua vurugu, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wanauawa au wameshauawa, Rais Kibaki na Raila wa upinzani hawakai meza moja, na Umoja wa Afrika ukamleta Kofi Annan pamoja na Graça Machel na Mzee Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, wawapatanishe. Annan hakutoa taarifa akaondoka. Alikaa zaidi ya mwezi, akawabana, akasimamisha mazungumzo yalipokwama, mpaka wakatia sahihi mkataba wa kugawana madaraka tarehe 28 Februari.

Kisha ikaja Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya Hague, kuwashtaki waliodaiwa kuhusika na mauaji yale. Tulidhani itawapa wafiwa haki. Badala yake, mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, walioshtakiwa huko na kugombea urais na unaibu wake, waligeuza kesi zao kuwa kampeni, eti Hague inatuchagulia viongozi, wakashinda. Desemba 2014 mashtaka ya Uhuru yakaondolewa kwa kukosa ushahidi, Aprili 2016 ya Ruto yakasitishwa. Wafiwa wangali pale pale. Mahakama ya mbali isiyoweza kuwalinda mashahidi wake humwongezea nguvu yule yule inayemshtaki.

Basi ukifika huko, kula mchana, ulale kidogo, maana usiku ndio wako. Kaa kituo kimoja mpaka fomu ibandikwe, uipige picha, halafu ifuate mpaka inakojumlishwa ulinganishe tarakimu. Mwulize ajenti wa upinzani kama amepewa nakala yake. Mkuu wa timu akitaka taarifa itoke kesho yake asubuhi kwa sababu ndege inasubiri, andika ndani yake, kwa jina lako, kwamba kujumlisha hakujakwisha. Atakununia. Mwache anune.

Ukipata laini ya simu ya huko nitumie namba. Na dawa ya malaria usiache kumeza.

Mamako