Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: lipa mkaa wetu kwanza, ndipo utudai mkopo

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Salaam. Natumaini u mzima wa afya na kazi za kuwatumikia wananchi zinakwenda vizuri. Jina la halmashauri sitaliandika hapa. Wewe unajijua, na sisi tunajuana.

Barua yako ya kutukumbusha marejesho ya mkopo imetufikia Jumatatu. Ina mhuri, ina saini, na maneno "hatua za kisheria" yamekolezwa wino. Ahsante kwa kutukumbuka, maana madai yetu sisi kwako hayajawahi kujibiwa hata kwa mstari mmoja. Jumatano yake Fuso likashusha kuni kwenye shule ile ile tuliyoipelekea mkaa mbadala, huu wetu wa vifuu vya nazi. Sikusimuliwa, nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nasubiri bodaboda. Magogo mabichi ya mwembe na mkorosho, na katikati yake mikoko. Mtu wa pwani haukosei mkoko, wekundu wake unajionyesha pale lilipopita shoka.

Naomba nikukumbushe kidogo, maana najua ofisi yako ina mambo mengi. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mei 8 mwaka huo huo Rais Samia akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Siku nne kabla ya uzinduzi huo kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga Mafia, na sisi huku tulikuwa bado tunaokota mabati ya banda letu kwenye mashamba ya watu. Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi hatukuyajulia semina.

Kisha ukaja wewe, Siku ya Mazingira. Ukashika kipande cha mkaa wetu, ukageukia kamera, ukasema: "Akina mama zalisheni, soko ni halmashauri." Picha ile bado imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ofisini kwako. Nimeipita kila nilipokuja kuulizia malipo.

Tukakuamini. Tukachukua mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile nne ya wanawake, tukanunua mashine ya kushindilia. Kazi yenyewe, Mheshimiwa, sidhani kama umewahi kuiona ikifanyika. Vifuu vya nazi tunavinunua kwa wakamua tui na wauza madafu, vitu ambavyo zamani vilitupwa mtaroni vikaziba maji. Tunavichoma kwenye pipa lenye matundu machache. Moshi ukiwa mweupe mzito bado, ukianza kuwa mwembamba unaoonekana kwa shida, hapo unafunika na kuziba kwa udongo mbichi, ukichelewa kidogo unakuta majivu. Tunasaga, tunachanganya na chenga za mkaa zinazobaki kwenye vibanda vya wauzaji, tunakandia uji wa muhogo, ndipo mashine inashindilia. Wapo wanaoongeza mchanga ili gunia liwe zito. Sisi hatuongezi, na ndiyo maana faida yetu ni nyembamba. Halafu kuanika. Masika yakishika, mzigo unalala kwenye chanja mpaka unaota ukungu, na mama aliyeukanda anarudi nyumbani mikono mitupu, na kucha nyeusi zisizotoka hata kwa ndimu.

Hakuna mti uliokatwa hapo. Hata mmoja.

Mkapokea mzigo. Mtunza stoo alisaini, mkuu wa shule alisaini. Tuliambiwa tujisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, tukajisajili. Tuliambiwa tulete risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tukaleta. Mhasibu akasema fungu halijaingia. Tuliporudi akasema fungu liliingia likaelekezwa kwingine. Tuliporudi tena tukaambiwa mhasibu amehamishwa, na huyu mpya hana taarifa zetu. Mafaili ya halmashauri hii yana miguu, nadhani.

Kwa nini shule imerudi kwenye kuni? Nasikia wapishi wamelalamika kwamba mkaa wetu unachelewa kushika moto. Ni kweli unachelewa, ila ukishika unadumu, maharage yanaiva bila mtu kupuliza. Tatizo ni kwamba mafiga ya pale yalijengwa kwa ajili ya magogo, yako wazi pande zote, joto lote linaishia ukutani. Uliahidi majiko banifu siku ile ile ya picha. Nishati mmebadilisha kwenye hotuba, jiko mmeliacha lile lile. Au pengine mzabuni wa kuni ana ndugu mahali, sijui, hilo nisemalo ni la kijiweni tu. Lakini mtu ajiulize: anayeleta kuni analipwa lini? Maana Fuso haliwekwi mafuta kwa ahadi.

Na mikoko ile mkiimaliza, Mheshimiwa, bahari haitauliza nani alisaini. Visima vya upande wa chini vimeshaanza kuonja chumvi. Wazee wanasema ni kwa sababu ufuko umebaki uchi. Mimi si mtaalamu, ila maji nayanywa.

Nchi hii inaambiwa watu 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa jikoni. Wapishi wa shule ile wamo humo humo kwenye moshi, na ni waajiriwa wako. Mkurugenzi anayetuhimiza wananchi tubadilike, kwenye jiko lake mwenyewe anachoma mikoko. Tukisema, tunakuwa wachochezi.

Nilikuwa na mengi ya kuomba: majiko, banda la kukaushia lenye paa linalopitisha mwanga, shule zote ziingie mkataba. Hayo sasa yaweke pembeni. Naomba moja. Tunachokudai kinazidi tulichobakiza kwenye mkopo. Kata deni lako humo humo kwenye deni letu, juu kwa juu, kisha tupe kilichobaki. Hakuna fedha itakayotoka mfukoni kwako wala kwenye fungu jipya. Ni kalamu tu. Kama sheria hairuhusu, basi tulipe, nasi tutakurejeshea mkopo wako siku hiyo hiyo kabla benki haijafunga.

Usitutumie tena barua ya hatua za kisheria kabla ya hapo. Lipa mkaa wetu, Mheshimiwa.

Nakala za hati za mapokezi ya mzigo, zenye saini zote mbili, ziko masijala kwako tangu zamani. Nyingine ninazo mimi, na nitazileta tena Jumatatu saa mbili asubuhi, tukiwa kikundi kizima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa kikundi cha akina mama wazalishaji wa mkaa mbadala