Mzazi akiambukizwa tetekuwanga na mwanawe, asingoje

Mhariri,

Mtoto wa chekechea akitoka vipele vya tetekuwanga, majirani wote husema neno moja: mwache, itapita. Kwa mtoto mwenye afya njema, mara nyingi hupita kweli. Balaa ni kwamba wiki mbili baadaye neno hilohilo huambiwa baba au mama yake, naye akalikubali, akajilaza ndani akingoja. Sisi tunaowahudumia wagonjwa hawa tunaomba nafasi tueleze kwa nini mtu mzima hapaswi kungoja hata siku moja.

Kwanza tuache kuamini kwamba kila mtu mzima alishaugua utotoni. Katika nchi za joto kama yetu, watu wengi hufika ukubwani bila kuwahi kuipata. Mtu ana miaka 35 na watoto watatu, na mwili wake haujawahi kukutana na virusi hivi. Halafu tazama tunavyoishi: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi mmoja, bafu moja, na watoto wa vyumba vyote wanacheza pamoja barazani. Tetekuwanga huenea kwa hewa na kwa maji ya malengelenge. Wasio na kinga wakiishi nyumba moja na mgonjwa, karibu 9 katika kila 10 huambukizwa. Kumtenga mtoto baada ya kuona vipele kunasaidia kidogo tu, maana alianza kuambukiza siku moja au mbili kabla havijatoka. Mama aliyekuwa akimbeba na kulala naye ameshavuta hewa hiyo.

Kwa hiyo chukua kalenda. Tangu siku mtoto alipoanza kutoka vipele, hesabu siku 10 hadi 21. Wengi hushikwa kati ya siku ya 14 na ya 16. Kwa mtu mzima, homa, kuumwa mwili na kichwa hutangulia vipele kwa siku moja au mbili, na hapa Mombasa kila homa huitwa malaria. Mtu hununua dawa ya malaria dukani bila kupimwa, na wakati unaomfaa zaidi unapotea. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie anayekupima sentensi hii: mtoto wangu alikuwa na tetekuwanga wiki mbili zilizopita. Hiyo peke yake hubadilisha jinsi daktari anavyokutazama.

Wakati wenyewe ni saa 24 tangu kipele cha kwanza. Ndani ya saa hizo, mtu mzima akianza asikloviri, dawa ya kupambana na virusi, ugonjwa hupungua ukali na siku zake hufupika. Akianza siku ya tatu, faida yake ni ndogo, ila kwa yule ambaye ugonjwa umeshamzidi. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7. Hapa ndipo penye kosa linaloonekana mara nyingi. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 200, na mgonjwa huondoka akimeza kimoja mara tano kwa siku. Hiyo ni dozi ya malengelenge ya mdomoni, haitoshi kwa tetekuwanga. Kama umepewa vya 200, ni vinne kwa mpigo, yaani 20 kwa siku. Saa zilizo rahisi kukumbuka ni saa 12 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kunywa maji mengi, kwa sababu dawa hii hutolewa na figo. Mwenye maradhi ya figo hupunguziwa dozi, na ndiyo sababu tunasema iandikwe na daktari, isinunuliwe kwa kubahatisha.

Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli tu. Mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 hupata miligramu 180, ambazo katika shira ya 120 kwa mililita 5 ni mililita 7.5, si zaidi ya mara nne kwa siku. Usimpe mtoto aspirini hata kidogo, kwani inaweza kudhuru ini na ubongo wake, na soma pakiti za vidonge vya kichwa vya dukani kwa sababu baadhi vina aspirini ndani. Ibuprofeni nayo iachwe: imehusishwa na vidonda vya tetekuwanga kuingia bakteria hadi ndani ya nyama. Krimu za kutuliza mwasho zenye steroidi, dawa inayopunguza uvimbe lakini hudhoofisha kinga, zile za tyubu ndogo zinazouzwa bila cheti, zikae mbali kabisa.

Kuhusu ngozi, joto la pwani ni adui. Desturi ya kumfunika mgonjwa blanketi na kumkataza kuoga humtoa jasho, jasho huongeza mwasho, mwasho humfanya ajikune, na kucha zikiingia kwenye lengelenge hapo ndipo usaha na kovu la maisha huanzia. Aoge maji ya vuguvugu mara moja au mbili kwa siku, akaushwe kwa kugusiagusia taulo bila kusugua, avae leso au fulana nyepesi ya pamba, dirisha liwe wazi. Kata kucha hadi mwisho. Mtoto mchanga mvishe soksi mikononi usiku. Kalamini, ile dawa ya rangi ya waridi, hupakwa juu ya vipele vinavyowasha. Maji ya mwarobaini yaliyopoa hatuyapigi vita, lakini hayaui virusi, na kumchapachapa mgonjwa kwa majani hupasua malengelenge.

Sasa hatari yenyewe. Mtu mzima hupata nimonia ya tetekuwanga mara nyingi zaidi kuliko mtoto, kwa kawaida siku chache baada ya vipele, na mvuta sigara yuko karibu zaidi nayo. Pumzi ikikatika unapopanda ngazi ulizozizoea, kikohozi kikianza, kifua kikiuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Vivyo hivyo kwa kichwa kisichovumilika, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kuyumba unapotembea, kutapika mfululizo, au ngozi inayozunguka kipele kuwa nyekundu, moto na kuvimba. Homa iliyokwisha kushuka ikirudi, usiipuuze. Anayeishi na virusi vya Ukimwi, anayetibiwa saratani au anayemeza steroidi asingoje dalili hizi. Aende mara tu anapokaa na mgonjwa.

Mjamzito naye vilevile. Kama hajui aliwahi kuugua, aende kliniki kabla hajatoka kipele hata kimoja, kwa kuwa kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama ana kinga, na kuna hatua zinazofaa mapema tu. Vipele vikimtoka mama kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baada yake, mtoto anayezaliwa yumo hatarini sana, kwani hakupata muda wa kurithi kinga. Akifika kliniki aseme mlangoni, asikae kwenye benchi pamoja na wajawazito wengine.

Chanjo ipo. Ilitengenezwa Japani na daktari Michiaki Takahashi mwaka 1974, baada ya mwanawe mwenyewe kuugua vibaya. Kenya haijaiweka katika orodha ya chanjo za bure za watoto, kwa hiyo hupatikana kwa kulipia. Mtu mzima huchomwa mara mbili, wiki 4 hadi 8 kati yake, na asiwe mjamzito. Jambo ambalo wazazi wachache wanalijua: ukichomwa ndani ya siku 3, au hata 5, tangu ukutane na mgonjwa, inaweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguza makali.

Na tangu Mpox, ugonjwa mwingine wa virusi unaotoa vipele, iingie nchini mwaka 2024, vipele vyote vimekuwa vya kutiliwa shaka. Tetekuwanga huanza kifuani, tumboni na usoni, na mahali pamoja utaona vipele vyekundu, malengelenge na vigaga kwa wakati mmoja. Mpox hupenda viganja na nyayo, na tezi huvimba. Lakini usijihukumu kwa macho, onyesha zahanati.

Tunalowaomba walimu wa shule na wa madrasa ni dogo. Mtoto akithibitishwa kuwa na tetekuwanga, wazazi wa darasa zima wapate ujumbe wa simu siku hiyohiyo, bila kumtaja mtoto jina. Useme tarehe vipele vilipoonekana, useme mjamzito na mwenye kinga dhaifu wafike kliniki, useme mzazi ambaye hajawahi kuugua aulize kuhusu chanjo kabla siku 5 hazijaisha. Mgonjwa arudi darasani vipele vyote vikishakauka na kuwa vigaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7, na mzazi mgonjwa apewe ruhusa kazini kwa kipimo hichohicho, hata siku zikizidi hizo.

Wauguzi wa zahanati,
Kisauni, Mombasa