Barua ya wazi kwa Naibu Mkuu wa Chuo (Taaluma): kabla hujaifuta kozi ya mwaka wa kwanza

Mheshimiwa Naibu Mkuu,

Waraka wako wa mwisho wa muhula unasema kozi yetu ya kusoma na kuandika, tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kupitia utambulisho wao, "imejaa hadithi za nafsi", na kwamba imeamuliwa nafasi yake ichukuliwe na mazoezi ya sarufi na mtihani wa kuchagua jibu sahihi. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Ina ukweli ndani yake, na afadhali niukiri mwenyewe kabla sijaulizwa.

Muhula wangu wa kwanza kwenye kozi hii nilitoa swali moja tu: eleza wewe ni nani. Nikaletewa rundo la insha zilizofanana kama sare. Nilizaliwa, nilisoma, napenda haki, nataka kuisaidia jamii. Katika rundo hilo mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika jambo zito la nyumbani kwao, nami kwa kufurahia kupata insha yenye uhai nikamwomba aisome mbele ya wenzake. Aliisoma. Wiki iliyofuata hakuja, na ile ya baada yake pia. Aliporudi akaniletea kurasa mbili safi, zisizo na kosa hata moja wala mtu yeyote ndani yake.

Kama waraka wako ungekuwa unazungumzia darasa lile, ningetia sahihi chini yake. Ila siku hizi hatufundishi hivyo.

Sasa tunaanza na jina. Nani alikupa, kwa sababu gani, na nani hulikosea? Swali linaonekana la kitoto mpaka mwanafunzi arudi kuwauliza watu. Mama anasema hivi, shangazi anasema vile, na cheti cha kuzaliwa kina tahajia ya tatu. Hapo ndipo ninapowafundisha chanzo ni nini, shahidi ni nani, na unafanyaje mashahidi wawili wanapopingana. Wanayajifunza hayo juu ya jambo wanalolijua kuliko mimi, na hiyo ndiyo faida yenyewe: kwa mara ya kwanza mwanafunzi ana kitu cha kunibishia. Mwanafunzi asiyewahi kumbishia mwalimu kwa ushahidi hawezi kukibishia kitabu. Atakinakili tu, au ataiachia programu ya kompyuta imwandikie, na programu hiyo haijawahi kuongea na shangazi yake.

Baada ya hapo wanasoma. Chukua mfano wa Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Marekani na kuchapisha maisha yake mwaka 1845. Kwenye ukurasa wenye jina la kitabu iliandikwa kwamba ameyaandika yeye mwenyewe, maana walikuwepo wasioamini kuwa mtu aliyetoka utumwani angeweza kuandika vile. Mke wa bwana wake alikuwa amemwanzishia alfabeti, mume akapiga marufuku. Kijana akaendelea na masomo barabarani Baltimore, akiwapa wavulana wa kizungu wenye njaa mkate ili nao wampe maneno, na katika karakana ya meli akajifunza kuandika kwa kuiga herufi ambazo maseremala waliziandika kwenye mbao. Hata jina Douglass si la kuzaliwa. Alipotoroka mwaka 1838 alihitaji jina jipya, na mwenyeji wake, aliyekuwa akisoma shairi la Walter Scott, ndiye aliyelichagua. Je, jina ulilochaguliwa na mtu mwingine kutoka kitabuni ni lako? Darasa langu liligombana dakika arobaini juu ya swali hilo, na kila aliyesema ilibidi afungue ukurasa aonyeshe.

Lakini kinachowashika zaidi ni kile ambacho Douglass hakukisema. Katika kitabu hicho cha 1845 alikataa kueleza alitorokaje, ili asiwaponze waliomsaidia na asiwafungie njia waliobaki. Alikuja kuieleza njia hiyo kwa ukamilifu mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwisha. Ningalikuwa nimewafundisha hili muhula wangu wa kwanza, yule mwanafunzi asingepotea wiki mbili. Kuandika juu ya nafsi si kujianika. Ni kuchagua kipi kionekane, kwa nani, na kwa nini, na mwandishi anayeijua kazi yake hujua pia kunyamaza.

Kuhusu sarufi, ambayo najua ndiyo inayokukosesha usingizi: sidharau makosa. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilipofungua milango yake kwa wengi mwaka 1970, mwalimu wa uandishi chuoni humo, Mina Shaughnessy, alikaa na insha zipatazo 4,000 za wanafunzi walioonekana hawawezi kuandika. Katika kitabu chake cha 1977 alionyesha kwamba makosa yao yalikuwa na mantiki, na mwalimu akiitambua anaweza kuyatibu. Nami nimeliona hilo darasani. Mwanafunzi aliandika: "Iliamuliwa nisiendelee na masomo kwa mwaka mmoja." Sarufi haina dosari. Nikaandika pambizoni: nani aliamua? Rasimu ya pili ikaja na "wazazi", ya tatu ikaja na "baba", na insha yote ikalazimika kujengwa upya kuanzia hapo. Ameielewa kauli ya kutendwa na kile inachoweza kuficha. Mtihani wako wa kuchagua jibu ungempa alama kamili kwenye sentensi ile ya kwanza. (Waraka wako nao, samahani, unasema "imeamuliwa".)

Ninachoomba si kikubwa. Darasa lisizidi wanafunzi ishirini na watano, kwa kuwa hakuna mwalimu anayeweza kusoma rasimu tatu za watu themanini akabaki anasoma kweli. Alama zitolewe kwa safari ya rasimu zote, na sarufi ihesabiwe kwenye ile ya mwisho. Na iandikwe kwenye kanuni za kozi, si kwenye hisani yangu, kwamba mwanafunzi anaweza kuandika juu ya mtu mwingine au mahali badala ya nafsi yake bila kutoa sababu, na kwamba hakuna atakayesomewa kazi yake hadharani bila ridhaa yake.

Jumatano asubuhi tunasoma rasimu za pili. Kuna kiti kitupu karibu na dirisha. Ukija utaandika aya moja kuhusu jina lako kama wengine wote, na hutalazimishwa kuisoma.

Wako,
Mwalimu wa mwaka wa kwanza