Kila mtu na simu yake

Mombasa

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mama bado anauliza lini utakuja.

Uliniuliza kwa nini mimi na kaka siku hizi tukikaa pamoja hatugusi siasa. Jibu lake refu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka kwetu zamani, taarifa ya habari ikianza saa moja usiku, hata mtoto akilia alitolewa nje? Baba ana chama chake, ami ana chake, watabishana mpaka kahawa ipoe. Lakini walibishania habari ile ile, waliyoisikia wote wawili kwenye redio moja.

Sasa sikia yaliyotukuta 2017, siku chache kabla ya kura ya Agosti. Tumekaa mkeka mmoja, waifai moja, kila mtu na simu yake. Kaka akanigeuzia yake: video fupi, giza tupu na muziki wa kutisha, ati mgombea fulani akishinda nchi itateketea. Nikapekua simu yangu juu chini, kwangu haipo. Kwangu zimejaa sifa za mgombea yule yule. Kaka akadhani najifanya sijaiona. Mimi nikadhani amedanganywa na watu wa mtaani kwake. Tulinuniana hadi baada ya marudio ya Oktoba.

Na ile video haikuwa na jina la aliyeilipia.

Mwaka uliofuata zikatoka habari za Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyopata data za watu wapatao milioni 87 wa Facebook. Mkubwa wao mmoja alirekodiwa kwa siri na wanahabari wa Channel 4, akijigamba kuwa kampeni za hapa Kenya za 2013 na 2017 waliziendesha wao, hata hotuba waliandika. Sisemi video ya kaka ilitoka kwao. Na mfanyabiashara hujisifu, si kila neno lake la kubeba. Kampuni yenyewe ilifungwa Mei 2018, ila njia ya kumtumia kila mtu ujumbe wake peke yake kwenye simu bado iko wazi.

Linaloniuma ni hili. Mtu akisema uongo jukwaani kwenye uwanja wa Tononoka, mpinzani wake anausikia, kesho anaujibu, na gazeti linaandika. Alichonong'onezwa kaka peke yake kwenye simu, nani atakijibu? Aliyesingiziwa hata hajui kama amesingiziwa. Na kaka si mjinga, wallahi. Aliitazama video moja ya hofu mpaka mwisho, mtambo unaomchagulia cha kutazama ukahesabu, ukamletea kumi nyingine. Sheria ya kulinda data ya 2019 inampa haki ya kuambiwa taarifa zake zinatumiwaje, lakini ni nani kwetu aliyewahi kwenda kuuliza?

Tangu Ramadhani iliyopita tumeanza kubadilishana simu baada ya kufuturu, robo saa tu. Mara ya kwanza nilisoma yake nikanyamaza kimya. Ningekuwa naamshwa na mambo yale kila asubuhi, hata mimi ningeogopa. Yeye aliishika yangu akasema, "Kumbe wewe nchi yako imetulia hivi?"

Nina ombi, shoga. Kesho ukiamka, kabla hujabonyeza chochote, nitumie skrinishoti za habari kumi za kwanza unazoletewa. Nami nitakutumia zangu.

Wako akupendaye,
Mama Salim