Kuhusu zitten

Utrecht, Jumapili

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na pole kwa masomo. Malalamiko yako juu ya zitten, kile kitenzi cha Kiholanzi, nimeyasoma nikacheka peke yangu. Kitabu kimekuandikia "kukaa", kisha kikanyamaza. Hakijadanganya, ila kimekuacha njiani.

Mholanzi haridhiki kusema kitu kipo tu. Ufunguo ulio mfukoni huukalisha: De sleutel zit in mijn zak. Sukari nayo hukaa kwenye chai: Er zit suiker in de thee. Hata tundu hukaa kwenye soksi! Kwa hiyo kitu kikiwa ndani ya kingine, au kimeshikamana nacho, zitten ndiyo yako. Kitabu mezani hulala, ligt. Chupa husimama, staat. Sahani je? Bapa vile, lakini nayo husimama, na usiniulize sababu. Miji yote hulala: Dar es Salaam ligt aan zee, yaani iko kando ya bahari.

Maumbo si magumu: ik zit (mimi), hij zit (yeye), wij zitten (sisi). Hij usimwongezee t nyingine, mzizi umeshaishia na t. Wakati uliopita ni zat, wingi zaten, na pamoja na kitenzi kisaidizi hebben, "kuwa na", utapata gezeten.

Sasa hapo kwenye gezeten ndipo wengi hunaswa. Zitten husaidia kitenzi kingine kuonyesha jambo linaloendelea: Ik zit te lezen, yaani nipo nasoma. Ukilipeleka kwenye hebben, mkono utataka kuandika "ik heb gezeten te lezen". Uzuie. Ni ik heb zitten lezen. Gezeten inarudi kuwa zitten, na te kwa kawaida inaondoka. Utaisikia sana watu wakinung'unika: Ik heb een uur zitten wachten! Saa nzima ya kungoja, na lawama imo humohumo.

Mengine utayapata bure kwa Kiswahili chako. Gauni likikuenea vizuri mwilini, die jurk zit goed, limekukaa. Jambo likiwa shwari, dat zit wel goed, limekaa sawa. Ila mtoto akiwa op school zitten, maana yake ni mwanafunzi, hata kama saa hii yuko uwanjani anacheza mpira.

Niandikie sentensi za jikoni kwenu, chombo kwa chombo: kipi kimekaa, kipi kimelala, kipi kimesimama. Nitakusahihishia bila huruma. Mama nisalimie sana.

Shoga yako,
Mwanaidi