Habari ya mtoto wa moyo isiishie mlangoni mwa wodi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti hili tangu kabla sijawa mzazi, wala sijawahi kukuandikia. Kilichonisukuma safari hii ni ile taarifa yenu ya ukurasa wa mbele kuhusu watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo, iliyoambatana na picha ya madaktari wakitabasamu huku mtoto amekaa katikati yao, shati limefunguliwa ili kovu lionekane vizuri. Taarifa hiyo iliishia pale mtoto aliporuhusiwa kurudi nyumbani, na mwandishi wenu akahitimisha kwa kusema kwamba sasa amepona kabisa.

Siibezi kazi ya madaktari. Mtu aliyesubiri nje ya chumba cha upasuaji, akijua kwamba moyo wa mwanawe umesimamishwa makusudi na kwamba mashine ndiyo inayomsukumia damu mwilini, hawezi kuwabeza watu wale maisha yake yote. Lakini taarifa ilijaa habari za mashine na historia ya utaalamu, bila sentensi hata moja kuhusu mzazi anayekabidhiwa mtoto huyo. Hata Daktari C. Walton Lillehei wa Marekani alitajwa, aliyefungua moyo wa mtoto mdogo mwaka 1954 baada ya kuunganisha mishipa yake na ya baba yake, ili baba afanye kazi ambayo leo hufanywa na mashine. Kilichoachwa ni kwamba mtoto yule wa kwanza alifariki siku 11 baadaye kwa nimonia, ilhali tundu lililokuwa moyoni mwake lilikuwa limezibwa sawasawa. Kama mwandishi aliona historia ile inafaa kusimuliwa, angeisimulia yote.

Binti yangu alizaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na alipasuliwa akiwa na umri wa miaka minne. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alitueleza akiwa amesimama, faili mkononi, huku wagonjwa wengine wakimwita: dawa ya kupunguza maji mwilini, kidonda kisilowe, tarehe ya kliniki. Kwamba hatakiwi kunyanyuliwa kwa kushikwa makwapani, kwa kuwa mfupa wa kidari umekatwa na kufungwa kwa nyaya za chuma na huchukua wiki sita hadi nane kuunga, tuliambiwa na mama mwenzetu wa kitanda cha jirani. Nyumbani mtoto akawa analala nusu ameketi, amezungukwa na mito, na kila alipotaka kukohoa alinyoosha kwanza mkono kuomba mto wake mdogo, aukumbatie kifuani ndipo akohoe. Mimi na baba yake tulipokezana usiku kusikiliza anavyopumua. Tulipoanza kuamini kwamba mambo yametulia, homa ikapanda usiku, akakataa kula, akalalamika kwamba kifua kinamuuma akilala chali. Tukakimbilia hospitali ya karibu. Daktari wa zamu akaitazama karatasi ya kuruhusiwa, yenye mistari michache ya vifupisho, akaniambia: "Mama, upasuaji si ulishafanyika? Hii ni homa ya kawaida, mrudishe akapumzike." Nikamwomba awapigie waliompasua, namba iliyogongwa kwenye muhuri iliita mpaka ikakatika. Nikakataa kuondoka. Asubuhi alipopimwa moyo, yakaonekana maji yaliyojikusanya ndani ya utando unaouzunguka, na maji hayo yakizidi huubana moyo hata ushindwe kujaa damu. Alirudishwa kwa madaktari wake, akatibiwa, akapona. Ndugu Mhariri, hali hiyo inafahamika vyema kwa wataalamu. Huwapata baadhi ya watoto siku au wiki kadhaa baada ya moyo kupasuliwa, na dalili zake ni zile zile nilizozieleza nikiwa nimempakata pale mapokezi. Nisingepaswa kuisikia kwa mara ya kwanza baada ya kukesha nikibishana.

Halafu kuna hiyo picha. Wageni waliokuja kutupa pole, wengine wakiwa na mafua, walitaka kwanza waonyeshwe kovu, na binti yangu akafika mahali akisikia hodi anashika kola ya gauni lake kwa mikono miwili. Kaka yake, ambaye hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwuliza hali, alianza tena kukojoa kitandani. Gazeti linapomfungua mtoto shati mbele ya maelfu ya wasomaji, linawaambia wageni wa namna ile kwamba wana haki ya kuona.

Inaelezwa kwamba takribani mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Si wote wanaohitaji kupasuliwa, lakini familia zinazopitia haya si chache, na ninachokipendekeza hakihitaji mashine yoyote. Kila mzazi apewe karatasi moja yenye herufi kubwa, kwa lugha anayoisoma: namna ya kumbeba mtoto, dalili za kumrudisha usiku huo huo bila kusubiri kliniki, na habari ya meno, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia kwenye damu na kuushambulia moyo. Mzazi na muuguzi wakae wote wawili, mzazi aieleze karatasi hiyo kwa maneno yake mwenyewe, na asiruhusiwe kuondoka mpaka ameweza. Iwepo na simu moja ya mkononi inayokabidhiwa kutoka zamu hadi zamu, pamoja na funguo za kabati la dawa, ili isikose mwenyewe.

Nanyi mrudini nyumbani kwa mtoto yule baada ya miezi miwili, bila kamera. Mumuulize mama yake kama amepata usingizi, nani anabaki na mtoto yeye anapokwenda kazini, na homa ikipanda saa nane za usiku atampigia nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto aliyepasuliwa moyo