Barua kwa Mwanangu Anayesomea Ualimu: Kipime Kifaa Siku Stima Imepotea

Langoni, Lamu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kaskazi imeanza kuvuma, na bibi yako kila baada ya alasiri anakuulizia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema chuoni mmepewa kazi ya kuchagua vifaa vya kidijitali mtakavyofundishia mkienda mazoezini, na kwamba wewe umepangiwa gredi ya tatu huko Kizingitini. Kisha ukanisomea orodha yako, programu kumi na moja. Sikutaka kukujibu mbiombio kwa simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Unazikumbuka zile tableti za serikali? Mradi ulianza 2016, shule za msingi za umma zikapelekewa tableti za watoto wa darasa la kwanza, laptopu za walimu na projekta. Zilipofika shuleni kwetu, usiku ule sikulala kwa furaha. Halafu zikatiwa kabatini. Haukuwa ubaya wa mtu. Mwalimu mkuu alihofia kwamba ikivunjika moja ataulizwa yeye, ufunguo ulikuwa mmoja, na kila nilipouomba, mpaka kabati lifunguliwe na tableti zihesabiwe, nusu ya kipindi imekwisha. Betri zikalala bila chaji, hewa ya chumvi ikaingia kwenye matundu. Watoto niliowaahidi kwamba watazishika sasa ni vijana wakubwa, na nikikutana nao sokoni huwa naona haya. Ningeweza kuuandama ule ufunguo zaidi ya nilivyofanya.

Wala si sisi peke yetu. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inataja Peru, ambako laptopu zaidi ya milioni moja ziligawiwa bila kuingizwa katika ufundishaji, na masomo ya watoto hayakuinuka.

Kwa hiyo ichukue orodha yako na uiulize kila programu: siku stima imepotea, mtandao hakuna, na mbele yangu wamekaa watoto hamsini, wewe utanifaa nini? Naamini nyingi zitaanguka hapo hapo. Ile ya mashindano ya maswali inataka kila mtoto awe na kifaa na intaneti isikatike. Itoe. GeoGebra ni nzuri sana kwa jiometri, lakini iwangoje wakubwa. Kolibri, ile programu ya masomo inayofanya kazi bila mtandao, ibakishe. Utayapakua masomo yake ungali chuoni penye mtandao, uyaweke kwenye laptopu moja, kisha tableti za darasani zitaunganishwa na laptopu hiyo kwa waifai ya mle mle ndani, bila bando hata shilingi moja. Ijaribu mwenyewe mapema, na vifaa vile vile utakavyobeba. Usije ukaanza kuhangaika na nywila watoto wanakutazama.

Sasa nikueleze kilichonifaa mimi kuliko vyote, nacho hakimo katika orodha yako. Ni kinasa sauti cha simu.

Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto aliyekuwa hasomi kwa sauti. Nikimwita anasimama, anainamisha kichwa, wenzake wanaanza kunong'ona. Siku moja wakati wa mapumziko nikampa simu yangu, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwambia asome peke yake chini ya mwarobaini, akimaliza aniletee. Alisoma aya moja. Akajisikiliza. Akaifuta. Akasoma tena, akafuta tena. Kengele ikalia naye bado yuko pale, na mimi sikumwita. Aliponiletea, nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani, na pale alipokosea silabi alijirudi mwenyewe kuisahihisha. Mimi nilikuwa nimemsahihisha miezi minne bila kufika popote. Alichokosa ni nafasi ya kuyasikia makosa yake mwenyewe bila mtu kumcheka, na simu ikampa nafasi hiyo. Tangu hapo kila kifaa kipya nimekiangalia hivyo: mtoto mwenyewe anafanya nini nacho? Kama anatazama tu, ubao na chaki vinatosha.

Jambo jingine ni lugha. Watoto wa Kizingitini nyumbani wanasema Kitikuu, lahaja ya Kiswahili ya huko, na kitabu kinawajia na Kiswahili sanifu. Mwalimu mgeni huenda akadhani hawajui kusoma, kumbe wanatafuta neno lao. African Storybook, mradi wa vitabu vya watoto mtandaoni ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha zilizo huru kutumiwa, na unaruhusiwa kuigeuza hadithi au kutunga yako. Keti na akina mama wa pale, wakusimulie, uandike kwa maneno yao. Halafu hadithi ile ile uiweke na kwa Kiswahili sanifu, watoto wasome zote mbili. Hilo nakuomba ulifanye hata kama mengine yote hutayafanya.

Na picha na majina ya watoto usiyatie ovyo katika programu kwa sababu tu imeomba. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wa programu za masomo zilizopendekezwa na serikali katika nchi 49 wakati wa korona, na nyingi mno zilikuwa zinawafuatilia watoto au zina uwezo huo. Mzazi wa Kizingitini amekukabidhi mwanawe. Mwendee nyumbani, mweleze, akikataa mshukuru. Hata hizo sauti utakazorekodi, zifute ukimaliza.

Mjomba wako anakuja Mombasa wiki ijayo. Nimempa ile simu yangu ya zamani, kinasa sauti chake bado kizima, na pawabenki mbili. Nimefunga pia halwa, ugawane na wenzako. Siku ya kwenda Kizingitini ukishuka Mokowe nipigie, nitakungoja gatini, ulale nyumbani usiku mmoja kabla ya kuvuka.

Nitumie orodha ukishaipunguza.

Mamako